Mkeka wa Wazee Wetu Wawili

Nyuma ya kanisa,
Marawila,
9 Juni 2014.

Mpendwa Kaka Roshan,

Nyumba nzima inakusalimu. U hali gani huko Milano? Kifua kimetulia, au bado unatoka kazini usiku bila sweta? Wifi na watoto hawajambo? Huku afya tunazo, ila mimi mwenzio sina raha hata kidogo.

Mvua imetupiga barabara, na minazi ya upande wa mfereji imezaa vizuri. Shemeji yako Wasantha ameezeka jiko upya. Lakini naona najizungusha tu, kaka. Acha niseme.

Ulipopiga simu mara ya mwisho ukauliza mbona Mama hasemi, nilidakia kwamba meno yanamsumbua. Nilikudanganya. Meno yake mazima. Alikuwa amenisusia mimi, hata simu ya mkononi mwangu hakuipokea.

Unajua anavyokaa na mama mkwe wangu, Mama Soma. Kila alfajiri wako barazani kwenye mkeka mmoja, macho wamefumba. Mama anasali bila maneno, Mama Soma anatafakari kama watawa wa Buddha walivyomfundisha hekaluni. Wakimaliza wanaanza ubishi. Mama husema, "Ndani kule kuna Mtu, Soma, ananishika." Na Mama Soma, "Mimi sikuti mtu, Filo. Hata huyo anayeshikwa simwoni." Basi watacheka mpaka chai ipoe.

Mimi kile kicheko kilinikera. Nafundisha katekisimu, kaka, na Padri alikuwa amenituma niwaeleze akina mama wa rozari jinsi watakatifu walivyounganishwa na Mungu. Nilisoma, nikajiona najua. Asubuhi waliyokuja nyumbani waliwakuta wazee bado wamekaa, na Juliet, unamjua kwa umbea, akauliza, "He! Siku hizi mnasali na Wabuddha?"

Niliona haya mbele za wageni. Nikasema, tena kwa sauti, "Mama yangu anaungana na Mungu. Huyu mwingine anajizima tu kama taa." Wakacheka. Nami nikacheka nao, Mungu anisamehe.

Mama Soma alifumbua macho. Aliinuka, akaingia jikoni, akawaandalia wale wageni chai na kumwekea Juliet sukari ya ziada kama anavyopenda. Kesho yake alfajiri akapanda basi kwenda kwa binti zake huko Kuliyapitiya.

Mama alikaa peke yake siku chache, kisha akaacha kukaa. Chakula akawa anakigusagusa tu. Nilipombembeleza arudi kusali, alinigeukia. "Umemfukuza mwenzangu. Eti mimi naungana, yeye anazimika! Wewe ulishafika huko ukatuona?" Sijafika popote, kaka. Nasali huku nawaza mchuzi.

Wasantha naye hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Alisema tu, "Yule ni mama yangu, Nirosha," akatoka nje.

Basi nilinunua tambuu, zile tunazowapa wazee tukiwapigia magoti mwaka mpya, nikaenda Kuliyapitiya. Njiani nilikuwa bado najitetea moyoni: mwalimu wa katekisimu nitampigiaje magoti Mbuddha, na wala si mwaka mpya? Angalia kiburi hicho. Nilimkuta anakamua nazi. Nikapiga magoti palepale uani, tambuu mikononi, wifi zangu wote wanatazama. Nilitamani ardhi inimeze.

Alizipokea kwa mikono miwili, akaniwekea kiganja kichwani. Kilikuwa na machicha ya nazi. "Kinachozimika ni tamaa na hasira, mwanangu," akasema. "Mtu homa ikimtoka, utasema amezimika?"

Nikamwambia, "Lakini Mama anasema kuna Mungu, nawe husemi hivyo."

"Aa, hapo hatukubaliani, na Filo ni mbishi kuliko mimi. Ila yeye akikaa, anasema amejisahau, amebaki Yesu wake tu. Mimi nikikaa, yule Soma wa kununanuna simwoni. Siku ile sote wawili tulikuwa tumeshatoka. Aliyebaki nyumbani anagombana ni wewe peke yako."

Wifi zangu waliangua kicheko. Mimi nililia, kaka, pale pale kwenye machicha.

Alirudi Jumatatu iliyopita na mfuko wa mafenesi. Mama alimpokea kwa matusi: "Ulikuwa umeolewa huko?" Jioni hiyo alikula sahani mbili.

Sasa wanakaa tena barazani, ila wameacha nafasi ya mtu mmoja katikati. Kila asubuhi Mama huipigapiga kwa kiganja, bila kufumbua macho. Nami napita na birika kama sijaona. Nawaonea haya. Mpaka leo sijaikalia.

Ukipiga simu, usizungumze na Mama tu. Mwombe Mama Soma pia, umsalimie kwa heshima, wala usimtajie jambo hili.

Nisalimie Wifi Chamari, Dulaj na mdogo wake, na Mjomba Hubert mkikutana kanisani. Mungu akutunze kazini na njiani, na Mama Soma anasema anakuombea nawe uwe na amani. Zipokee dua zote mbili.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Nirosha