Picha Aliyonipiga Kinyozi

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto, na zaidi zimfikie Mama. Natumaini magoti yamempa nafuu, na kwamba dawa anazimeza, hazifichi chini ya mto. Mimi ni mzima. Nimekonda kidogo, lakini huku kila mtu amekonda, kwa hiyo sionekani.

Najua ulinikasirikia nilipoikubali safari hii. Ulisema nchi ambayo wenyewe wanaikimbia, mimi naikimbilia kwenda kupiga picha. Siku ile sikukujibu. Jibu utalipata humu.

Hali ni ngumu, siwezi kukuficha. Umeme huja ukitaka na kwenda ukitaka, kama paka wa jirani. Foleni ya mkate huanza kabla mkate wenyewe haujaokwa. Mhariri aliyenituma anataka hayo tu, sufuria tupu na nyuso zilizonuna, nami nimempigia picha hizo kwa sababu zipo. Lakini watu hawa hawashindi wakilia, Dada. Nimempiga picha mwalimu anayefundishia kizingitini kwa kuwa darasani ni giza: nusu ya wanafunzi wako ndani, nusu uani, naye anageuka huku na huku kama feni. Nimewapiga picha wanawake kwenye foleni ya maji wakisukana, kila mmoja akimsuka aliye mbele yake. Foleni ikisogea, misuko nayo inasogea. Bibi mmoja alikataa nisimpige picha mpaka aende kuvaa hereni. Alisema dhiki ni ya wote, lakini uso ni wake.

Nimepanga chumba nyuma ya duka la kinyozi. Ni mtu wa maneno mengi. Ananyoa kwa mkasi kwa kuwa mashine haina umeme, na mteja hawezi kuondoka kichwa kikiwa nusu, kwa hiyo atake asitake atamsikiliza. Mimi nina mashine ndogo ya kuchapia picha. Umeme ukirudi nachapa, naye aliniruhusu nizibandike ukutani kwake ili wenyewe wazifuate. Duka likajaa. Watu wakaja kujitazama na kubishana nani kazeeka zaidi. Siku moja kinyozi akasema mwindaji naye awindwe. Akaninyang'anya kamera, akanipiga picha nikiwa nacheka, mdomo umekwenda upande hata gego linaonekana. Picha imepinda, nusu yake ni taulo. Akaibandika katikati ya ukuta.

Hapa, Dada, naomba ukae kwanza. Na Mama kama yuko karibu, mwache amalize anachofanya, maana sitaki asikie nusu.

Nilikuja kumtafuta mdogo wetu. Pengine ulishashuku, maana nchi ni ileile aliyokuja kutafutia maisha, akatunyamazia miaka yote hii. Kazi ya picha ni ya kweli, ila ningekuja hata bila kazi. Siku ile Baba mdogo aliposema sasa tumhesabu marehemu, Mama alinyamaza tu, nami kunyamaza kule kukanishinda. Sikuwaambia kwa kuwa sikutaka kuwapa tumaini halafu nirudi bure. Nilikwenda kwenye kiwanda cha saruji alikokuwa kibarua: geti lina mnyororo, mlinzi hamjui mtu. Nikaitembeza picha yake hospitalini na kwenye magereji. Hakuna. Nilikuwa nimeanza kufunga mizigo.

Juzi muuza sabuni aliingia kwa kinyozi na beseni lake kichwani. Katika picha zote aliitazama ile yangu iliyopinda, akauliza huyu ni nani. Kinyozi akanionyesha kwa mkasi. Yule mwanamke akalitua beseni, akaniambia, "Mume wangu naye akicheka, mdomo unakwenda upande huohuo."

Dada, yu hai.

Nilimkuta uani kwao akikoroga pipa la sabuni kwa mkono wa kushoto. Wa kulia uliliwa na mashine kiwandani, hadi kwenye kifundo. Kisha kiwanda kikafungwa na hakuna aliyemuuliza habari. Aliponiona aliuficha mgongoni, kama mtoto aliyechomoa nyama chunguni. Nikamuuliza kwa nini alitunyamazia. Akasema alitaka tumkumbuke akiwa mzima, yeye aliyeahidi kumjengea Mama. Nikamwambia Mama hajaomba nyumba, anachoomba ni hodi yake tu. Akakaa chini akalia, nami nikalia, na mkewe akaushika mwiko akaendelea kukoroga, kwa kuwa sabuni ikiachwa inashika chini. Kamera ilikuwa shingoni mwangu. Sikupiga hata picha moja.

Wana binti anayejifunza kutembea, wamempa jina la Mama. Tunakuja wote wanne, usafiri ukipatikana kabla mwezi haujaisha. Nimeandika kwa kuwa simu za huku hukatika katikati ya neno, na habari hii si ya kukatika. Muuguzi anayesafiri kesho ameahidi kukupa barua hii mkononi.

Mwambie Mama taratibu, akiwa ameshakula. Anza na kwamba yu hai. Habari ya mkono mwachie mwenyewe. Ameomba aje amwambie kwa kinywa chake.

Wifi yako anakusalimu ingawa hamjuani. Nisalimie majirani wote wanaouliza habari zetu, hata wale waliokwisha kuacha kuuliza.

Ni mimi mdogo wako,
mpiga picha.