Koti la Baba

Baba, shikamoo. Jumapili iliyopita, baada ya ibada, nilinyang'anywa darasa la kipaimara mbele ya wazazi wote. Nimeona nitangulize hilo. Natumaini goti lako limepata nafuu na mahindi hayajakauka. Mimi mwili ni mzima. Uso ndio sina.

Ilikuwa hivi. Katana, jirani yangu hapa Kisauni, aliangukiwa na jiwe kule machimboni Mwakirunge, nyonga ikavunjika. Nikaenda kumwona na Biblia yangu, maana mwalimu si ndiye mimi. Mtu mzima analia, Baba, meno yanasagana. Nikampa mfano wako, ule wa koti: Neno alivaa mwili, na kinachovaliwa huvuliwa. Nikamwambia, "Jikaze, ndugu yangu. Hata pale msalabani misumari ilitoboa vazi tu. Mwenyewe haikumgusa."

Katana akanitazama. "Kwani hakuumia?"

"Hakuumia."

"Basi usimlete hapa. Atanisaidia nini, na yeye hajui?" Akageukia ukutani. Mkewe akanifungulia mlango. "Fundi, nenda kashone."

Habari zikamfikia mchungaji. "Umeyatoa wapi haya? Imeandikwa *alifanyika* mwili. Alifanyika! Aliona njaa, alilia, alitoka damu yake mwenyewe. Wewe umemfanya Bwana sanamu la kuvalishwa nguo dukani!" Watoto kumi na mmoja, miezi saba nawafundisha, wote wanasikia. Sasa nikipita wananiuliza kama Yesu nilimpima kiuno.

Nilikuja huku na mkasi mmoja. Leo nina cherehani nne, na hakuna aliyenishika mkono. Lakini aibu ya namna hii sijapata kuiona. Nguo ikimbana mteja, naifumua. Hili nalifumuaje?

Tena nina neno nawe, Baba. Mfano ule sikuuokota njiani. Nakukumbuka kando ya kitanda cha marehemu Mama, wiki zile za mwisho. Ulivua koti lako jeusi, ukalitundika kwenye msumari. "Umeona, Mama Danieli? Lililotundikwa ni koti. Mimi nipo hapa, siumwi. Na Bwana ndivyo alivyokuwa." Mama akageukia ukutani. Nilidhani amepata usingizi. Tangu siku ile ya Katana, sidhani tena.

Nisalimie shangazi anayekupikia, mwambie kitambaa chake cha kichwa nimekipinda tayari. Na dada yangu aliyebaki na shamba, asichoke.

Ningepiga simu ungenikatiza, ndiyo maana naandika. Barua hii anakuletea dereva wa basi. Jibu mpe yeye huyohuyo. Jumamosi saa nne asubuhi narudi kwa Katana, mkewe akinifungulia, na siwezi kuingia mle bila jibu lako. Usinihubirie, wala usinipe mfano mwingine. Niambie waziwazi, kama ulivyopaswa kumwambia Mama: Bwana aliumia, au hakuumia?

Mwanao,
Danieli