Mstari Nyuma ya Kiti cha Swedi

Jumatatu, 10 Februari

Na bado sijasema lolote kuhusu shingo ya mume wangu. Akifungwa tai huinua kidevu na kufumba macho, kama mtu anayenyolewa. Sasa ni mimi ninayeifunga. Mimi, si dada yake, si kioo.

Fungate imekwisha jana. Siku saba humu ndani, mtaa wa Kibenga, sisi wawili, na sufuria za shangazi zikiachwa barazani bila hodi. Nimeolewa na Swedi. Naandika tena ili nilione: nimeolewa na Swedi.

Leo amerudi bungeni, Kigobe. Gari halina mafuta, mji mzima hauna mafuta. Amepanda bajaji na suti yake ya kijivu, magoti karibu yaguse kifua. Nimemtazama mpaka kona. Bustanini nyayo za kiboko wa ziwani tena. Amekula majani yote upande wa ukuta. Sijali. Ale.

Kabla hajatoka nilimrudishia simu. Somo wangu, mama aliyenifunda, alisema katika fungate simu ya mume nayo ilale. Siku ya kwanza nilimwomba, akanipa huku akicheka, nikaizima, nikaifukia chini ya vitenge. Leo ameiwasha mlangoni. Ikalia, ikalia, haikutaka kunyamaza. Akasoma amesimama. Uso ukabadilika. Akanibusu kwenye paji, lakini mawazo yalikuwa yameshaondoka.

Jumanne, 11 Februari

Nimeelewa sasa. Chama kilikuwa kipange orodha ya wagombea mwisho wa mwezi. Wakaiwahisha. Mkutano umefanyika Cibitoke, mtaa wa kwao Swedi, Jumamosi, sisi tukiwa ndani.

Nijieleze mwenyewe, maana mwezi uliopita sikuyajua haya. Huku kwetu hupigi kura kwa jina la mbunge. Unapigia chama, na chama kina orodha. Wa kwanza anaingia. Wa pili anaingia. Wa tatu wanamweka mwanamke, naye kwa kawaida anaingia. Kuanzia wa nne ni kumwomba Mungu. Kwa hiyo vita si siku ya kura. Vita ni namba.

Na namba wanaipata hivi. Wagombea wanakaa kwenye viti mbele ya watu. Kila mwanachama anakwenda kusimama nyuma ya anayemtaka. Mwenye mstari mrefu ndiye wa kwanza. Hakuna karatasi.

Mafundi wa magereji, wale aliofanya nao kazi zamani, walikuja wote. Wakapanga mstari nyuma ya kiti kitupu cha Swedi. Wanasema ulifika barabarani. Katibu wa chama, Dismas, akauvunja. Kanuni inataka mgombea awepo. Alisema, "Mutu hapangi mustari nyuma ya hewa." Watu wakacheka. Swedi akapewa namba tano.

Ameniambia haya akila ndizi na ndagala. Alikuwa akicheka. Kijiko chake kilikuwa kinachora mstari mezani, kinaurudia, kinaurudia.

Jumatano, 12 Februari

Kuna kitu sikukiandika jana. Nakiandika leo ili kisinikae kooni.

Alhamisi ya fungate, mchana. Swedi amelala. Mtu akagonga geti. Nikasogeza pazia kidogo. Dismas. Nilimjua, alikuwa arusini, alikaa na mkewe karibu na feni. Shati limeloa, viatu vyekundu kwa vumbi. Mafuta hakuna, bajaji siku ile hazikutembea. Alikuwa amekuja kwa miguu kutoka Cibitoke, mji mzima, kaskazini hadi kusini.

Akagonga tena. Akaita, "Depite," yaani mheshimiwa mbunge. Akangoja. Akaketi juu ya jiwe, akafuta uso, akaondoka.

Sikufungua. Katika fungate hatugongewi na hatufungui, kila mtu wa Buyenzi nilikokulia anajua. Dismas ni Mkatoliki, hajui. Lakini nisijidanganye. Sikusimama nyuma ya pazia kwa ajili ya mila. Nilimwona nikawaza: huyu amekuja kunichukulia mume. Nikamwambia moyoni, rudi wiki ijayo. Kisha nikarudi kulala, kichwa juu ya mkono wa Swedi. Nilikuwa na furaha. Hilo ndilo linaloniuma.

Sijamwambia.

Ijumaa, 14 Februari

Siku ya wapendanao. Ameniletea waridi la plastiki kutoka soko la Cibitoke, lina tone la umande wa gundi. Nimeliweka kwenye chupa na maji, ingawa halinywi. Nampenda mpaka nachoka.

Kisha akanipa kazi. Kuna rufaa. Ofisi ya mkoa ya chama inasikiliza tarehe ishirini na mbili. Sababu moja tu wanaikubali: mgombea hakupewa habari ya mkutano. Swedi anaamini hakupewa. Simu ilikuwa imezimwa, sawa, lakini kanuni inasema simu isipopatikana, katibu amfuate mtu nyumbani. Dismas ameandika katika taarifa ya mkutano kwamba alimfuata, mlango haukufunguliwa. Swedi anasema ni uongo. Anasema, "Mi nilikuwa humu siku zote saba. Nani aligonga? Kiboko?"

Rufaa ikipita, mistari inapangwa upya. Na katibu aliyeandika uongo katika taarifa anaondolewa. Dismas ni katibu tangu mimi niko shule ya msingi.

Barua niiandike mimi, kwa sababu nina mwandiko mzuri na Kifaransa changu cha sekondari hakijaoza. Nianze na historia ya mume wangu.

Jumamosi, 15 Februari

Nimeandika historia. Nimefuta. Nimeandika tena. Kwa barua ni mistari michache. Hapa naiandika nipendavyo.

Swedi alikuwa fundi wa malori, eneo la viwanda, Zone Industrielle. Mara ya kwanza kugombea ilikuwa baraza la mtaa. Huko hakuna chama, watu wanakuchagua kwa uso. Akawa wa pili. Wa kwanza akahamia mji wa Ngozi, Swedi akawa mkuu wa mtaa. Mara ya pili, baraza la komini, ngazi ya juu ya mtaa. Wakamweka chini kabisa ya orodha. Hakuingia. Alirudi gereji kesho yake asubuhi, na wenzake wakamwimbia wimbo wa bibi arusi aliyeachwa. Mara ya tatu, bunge. Namba sita. Wakaingia wanne. Katikati ya muhula mmoja akafariki, wa tano akachukua kiti. Kisha mwingine akateuliwa balozi, na Swedi akaapa.

Kila cheo alichowahi kushika, alikishika kwa sababu mtu mwingine ameondoka. Ndiyo maana wanamwita Depite Gurudumu la Akiba. Anacheka nao. Fundi atakasirikaje kuitwa gurudumu. Lakini wiki ya kwanza ya uchumba wetu aliniambia kitu ambacho hajamwambia mtu. Anataka mara moja tu aingie bungeni bila kuvaa nguo za msiba wa mwingine. Anataka watu wasimame nyuma yake, yeye mwenyewe akiwa ameketi pale, awaone.

Na walisimama. Mpaka barabarani. Hakuwaona.

Nimefika kwenye sentensi ya Dismas. Nimeacha nafasi wazi. Nimefagia nyumba mara mbili.

Jumapili, 16 Februari

Mama mkwe amekuja kutoka Cibitoke na kuku wawili na ulimi wake. Hakuketi. Alizunguka sebule akigusa mapazia.

"Muzuri. Muzito," akasema. "Nyuma ya pazia namna hii hata mwizi unamuona, ye hakuoni."

Nikawachukua kuku.

"We mutoto wangu, nikuambie. Mume wa siasa ni wa watu. Usiku wa kwanza wanakukopesha, halafu wanamuchukua tena."

Swedi akasema, "Mama, acha mke wangu."

"Nimemugusa? Nimegusa pazia."

Hajui kitu. Nadhani hajui. Nimemchinjia kuku mmoja, vipande nikavikata vibaya.

Jumanne, 18 Februari

Sili vizuri. Swedi anadhani ni mimba, tayari anatabasamu peke yake. Siku tisa tu tangu fungate, mpenzi wangu. Nilitaka kulia.

Najiambia hivi: nikinyamaza, anapata mstari wake. Mafundi watarudi, watasimama, atawaona. Atakuwa na furaha na furaha yake nitaiona kila siku. Dismas atapata kazi nyingine. Najiambia vizuri kabisa asubuhi. Kufika saa sita siamini tena.

Jumatano, 19 Februari

Nimemwona Dismas.

Nilikwenda Cibitoke kumpelekea mama mkwe vitenge. Dismas alikuwa nje ya duka la mshona viatu, mguu mmoja una kiatu, mwingine uko juu ya gazeti. Nilitaka kupita. Akaniona.

"Bibi arusi, yambu."

"Yambu, papa."

"Kwenu ni mbali, eh. Soli inashonwa mara ya pili." Alicheka kidogo. Halafu akaacha. "Depite anasema mi niliongopa."

Mshona viatu aliacha kupiga nyundo.

"Mi nimefikiri sana," Dismas akasema. "Pengine nilikosea nyumba. Mageti ya kule yote ni meusi. Kama nilikosea, nitasema mbele ya watu. Nitaomba msamaha."

Aliniangalia machoni. Hakuwa ananitega. Ningependa angekuwa ananitega. Ni mtu aliyetembea mji mzima kwa ajili ya mume wangu, na sasa ameanza kutoamini miguu yake mwenyewe.

Nilisema, "Asante, papa," kama mjinga, nikaondoka. Asante ya nini.

Ijumaa, 21 Februari

Nimemwambia.

Alirudi mapema kuchukua barua. Nikampa. Akasoma historia yake, akanisifu, akasema hakujua kama ana maisha marefu hivi. Kisha akafika kwenye nafasi wazi. Akauliza sentensi iko wapi.

Nikasema Dismas aligonga. Alhamisi, ulikuwa umelala. Nilimwona.

Aliikunja barua mara nne, vizuri, kama risiti ya vipuri. Akauliza jambo moja tu, kwa nini. Nilikuwa nimeandaa mila, somo, shangazi, yote. Yakanitoka. Nikasema nilitaka siku zote saba.

Hakupiga kelele. Ningevumilia kelele. Alitoka, akasimama bustanini mahali palipoliwa na kiboko, mikono mfukoni. Chakula amekiacha. Alinijibu "ndiyo" na "apana" mpaka jua likazama. Yule Swedi wa utani amekwenda wapi, sijui. Namwogopa huyu mwingine. Nampenda naye pia, ndilo tatizo.

Jumamosi, 22 Februari

Alikwenda peke yake. Barua ameiacha. Nimekaa siku nzima nikisikiliza geti.

Amerudi saa kumi. Dada yake alikuwa mkutanoni, ndiye aliyenisimulia kwa simu kabla Swedi hajafika, maana yeye mwenyewe amesema maneno machache tu.

Dismas aliitwa kwanza. Alisimama, akaanza kusema huenda alikosea geti. Swedi akamkatiza. Akasema, "Katibu hakukosea. Alifika. Alikuja na miguu. Nyumba yangu haikumufungulia, na nyumba yangu ni mi." Mkuu wa ofisi ya mkoa akamuuliza alikuwa wapi basi saa ile. Akasema, "Kwenye fungate." Ikabidi Waislamu wawaeleze wengine. Fundi mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Depite alikuwa na kampeni ya kwake." Ukumbi mzima ukacheka, mpaka Dismas.

Rufaa imekataliwa. Dismas anabaki katibu. Swedi anabaki namba tano.

Hakulitaja jina langu. Dada yake hajui. Dismas hajui. Watu wote wa Cibitoke wanaamini ni Swedi aliyemwacha yule mzee akae juu ya jiwe juani. Kosa langu amelibeba yeye. Sikumwomba.

Jumapili, 23 Februari

Mvua tangu alfajiri. Ziwa halionekani, ni weupe tu. Swedi amekula uji, mabakuli mawili. Ametengeneza bawaba ya dirisha la jikoni bila kuambiwa.

Akiwa na bisibisi mdomoni alisema, "Safari ile nilikuwa wa sita. Sasa wa tano." Sikujua kama nicheke. Hakucheka, lakini alisema maneno yenyewe akiniangalia. Kisha akasema bado ana hasira, nisidhani imekwisha. Nikasema sidhani. Akasema itachukua siku. Nikasema ziko.

Nimemwuliza kama naweza kumwambia Dismas ukweli. Alifunga skrubu mbili kwanza. Akasema, "Mutafute mwenyewe. Mi sitakutangulia."

Nina namba ya mke wa Dismas tangu arusini. Nimemwandikia mchana huu. Nimeandika kwamba nina neno la kuwaambia yeye na baba, kwa mdomo wangu, na kwamba nitafika kwao kabla ya mwezi huu kuisha. Amejibu karibu sana. Zimebaki siku tano. Mafuta yakikosekana nitatembea.