Kung fu ya shemeji yako

Shosti, acha unachofanya. Shemeji yako kaniumbua!

Si unajua kajifunza kung fu kwa kitabu, kakitandaza sakafuni sebuleni mpaka watoto wakakosa pa kupita? Sasa eti naye ni mwalimu! Leo kaonyesha mitindo na wanafunzi wake, wazazi wamejaa ukumbini.

Anapiga ngumi, anapiga teke, halafu anainama, analamba kidole, anapangusa hewa. Teke tena. Anainama. ANALAMBA KIDOLE.

Shosti, anafunua ukurasa! Na kitabu kiko nyumbani!

Nyuma yake darasa zima linainama, linalamba vidole.

Mama mmoja kaniuliza kwa adabu zote, "Hicho cha kidole kinaitwaje?"

Nikamjibu, "Hiyo ni siri ya mwalimu."

Akageuka, akamfokea mwanawe: "Lamba vizuri wewe, wenzako wanakushinda!"