Mashini Isiyotaka Kumwachilia Mtu

Mama yangu mpendwa,

Kabla Papa hajaanza kukusomea barua hii, angalia Sifa yuko wapi. Kama yuko karibu, mtume kwa jirani akaombe chumvi, kisha mkae wawili tu.

Haya. Hamjambo huko Bihambwe? Goti lako je, bado linakusumbua ukipanda shambani? Na maharage, mvua imeyaacha yakauke au yameozea kwenye maganda? Mimi niko mzima, Mungu ananilinda. Nimekonda kidogo, lakini usianze kulia, ni sombe ya kila siku tu, majani ya muhogo asubuhi na jioni. Hapa Walikale msitu unameza jua lote, nguo hazikauki, na maziwa ya kwetu nayaona ndotoni. Barua hii nimempa mtu wa pikipiki wa parokia kwa sababu simu huko kwenu hukatika katikati ya neno, na neno hili sikutaka likatike.

Kazi yangu unaijua. Katika biro yetu tunaandika watoto waliopotezana na wazazi wao wakati wa kukimbia, na wazazi wanaowatafuta. Wote tumewaweka ndani ya ordinateri moja, ile kompyuta ya biro, na kuna programu inayozunguka humo: inamchukua mzazi mmoja, inampitisha mbele ya kila mtoto aliyeandikwa, ikimaliza inarudi kuchukua mwingine. Sifa naye yumo. Nilimwandika kwa mkono wangu, baada ya wewe kumwokota kwenye barabara ya Burungu siku ile watu walipokimbia, ukambeba mgongoni mpaka nyumbani. Alijua kusema mambo mawili tu: jina lake, na kwamba mama yake anaitwa Mama Riziki.

Sasa, tangu mvua zilipoanza, programu hiyo ilikuwa inaanguka kabla ya kumaliza kazi. Asubuhi inakwenda vizuri. Ikifika saa sita inaanza kukokota miguu, halafu inaganda kabisa. Tukiiwasha tena, inaanza mwanzo. Kwa hiyo wazazi walioandikwa kwanza walipitiwa kila siku, na walioandikwa mwisho hawakufikiwa hata mara moja. Hao wa mwisho ni watu wa Itebero, maana wenzetu walichelewa kufika kule, njia yenyewe ni msitu na miguu yako.

Kila mtu alikuwa na dawa yake. Shefu wetu alisema ni joto, tukaiwekea feni. Mwingine akasema ni batri za jua. Mlinzi alitushauri tumwite pasta aiombee, na kusema kweli siku hiyo nilikaribia kukubali. Mwishowe shefu akaagiza kutoka Goma kumbukumbu kubwa zaidi, kile kifaa kinachoipa mashini nafasi ya kushika inachosoma, tukaipachika ndani. Mashini ikafika mbali kidogo, kisha ikaanguka vilevile. Hapo nikaelewa kwamba tatizo si nafasi.

Nikakaa mbele yake nikiangalia kumbukumbu inavyojaa. Kwa kila mzazi ilipanda kidogo, na mzazi akiisha haikushuka. Wewe ukichambua maharage, unachota konzi, unaangalia, unamimina kwenye beseni, mkono unabaki mtupu. Mashini yetu ilikuwa inachota konzi juu ya konzi bila kumimina. Nikaanza kuzima sehemu za programu moja baada ya nyingine nione ipi ina ubahili huo. Nikizima ile ya picha, bado inajaa. Nikizima ile ya kuchapisha, bado inajaa. Nilipozima ile ya majina, ikatulia.

Sehemu hiyo iliandikwa na Bahati, mwenzangu wa biro, mwana wa Masisi kama sisi. Nikamwita, nikamwonyesha mahali penyewe.

“Kaka Bahati, hapa ulifanya nini?”

Akatazama, akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka.

“Zawadi, wewe unajua bantu ya kwetu. Mutoto haiko na jina ya baba yake. Na mama, nani anamwitaka jina yake? Ni Mama fulani tu. Njo nikaambia mashini: kila muntu mwenye umeisha kusoma, umushike na majina yake yote, pengine ndugu yake iko nyuma anakuya.”

“Na unamwachilia wapi?”

“Simuachiliake,” akasema. “Niliogopa tutapoteza muntu.”

Ningemgombeza, maana ulimi wangu unaujua, lakini nilishindwa. Mgeni asingefanya kosa hili. Angetafuta jina la baba, akilikosa angepita zake. Bahati alikosea kwa sababu anatujua. Nikamletea chai, tukaanza kurekebisha.

Dawa yenyewe haikuwa kubwa. Majina yalikuwa tayari kwenye hifadhi, lile daftari la ndani ya mashini, hayana pa kupotelea. Tukaiambia mashini imsome mtu, iulize hifadhi kama kuna anayehusiana naye kwa jina lolote kati ya majina yake, iandike jibu, imwachilie, ndipo imchukue mwingine. Bahati alikodolea macho kidole changu kana kwamba ninafuta watu wake. Tukaiwasha. Kumbukumbu ikapanda, ikashuka. Ikapanda, ikashuka. Saa sita ikapita. Alasiri programu ikafika Itebero kwa mara ya kwanza.

Mama, nilijua ninachotengeneza. Safari ile ya mwisho simu ilipokubali, uliniambia: “Kama mama yake hamuyamupata, musijiumize kichwa. Mutoto iko bien, anakula.” Nilikusikia vizuri, hata yale usiyoyasema. Na mimi pia nilitamani mashini ianguke siku hiyo moja tu. Haikuanguka.

Ilituletea mwanamke mmoja. Ameandikwa kwa jina lake la kuzaliwa, ambalo pengine Sifa hajawahi kulisikia, lakini mtoto wake wa kwanza anaitwa Riziki, na anatafuta binti mdogo aliyempoteza karibu na Burungu. Akina Riziki ni wengi, nikajipa moyo. Tukamtumia habari, akaja kwa miguu kutoka Itebero, miguu yenyewe imevimba. Sikumwambia lolote. Nilimuuliza tu mtoto wake ana alama gani.

“Alama haiko nayo,” akasema. “Lakini halalake kama hajashika sikio ya muntu.”

Nikatoka nje nikasimama kwenye mvua. Nilipokuja Noeli nilikuona ulivyolala upande mmoja hadi asubuhi, Sifa amelishika sikio lako, shingo imekakamaa, na hukukubali tumguse. Nikarudi ndani nikamwambia yule mama kwamba mtoto wake yuko hai. Sitakuandikia alivyolia.

Shefu alitaka gari liende kumchukua Sifa limlete hapa, akabidhiwe, tuweke sahihi. Mama Riziki akakataa.

“Mutoto habebwake sawa muzigo. Mimi njo nitaenda kwa ule mama mwenye alimulea. Nitakaa kwake, anione, nimuone. Akinipa njia, tutarudi.”

Basi anakuja, Mama. Ataletwa na wenzangu njia ikifunguka, na chupa ya mawese mkononi, maana amesema haji mikono mitupu. Mpikie. Mpe mahali pa kulala karibu na mtoto. Sifa akimkimbia na kujificha kwenye kitenge chako, usifurahi, na ukifurahi, usionyeshe. Wape muda wazoeane. Na siku mama huyo atakapoomba njia, mpe.

Najua si haki kukuomba hivyo kwa karatasi, mimi niliye mbali, nisiyemwogesha wala kumsuka nywele. Naumia, na najua wewe utaumia zaidi. Lakini kama ungekuwa wewe uliyeko Itebero, na mimi ndiye niliyebebwa na mgongo wa mwingine, ungetaka aandikiwe barua gani?

Namsalimu Papa anayesoma, na asisingizie moshi. Dada mkubwa na shemeji, waambie nimezipata soksi, zimenipwaya lakini nazivaa. Shangazi wa ng'ambo ya mto, mwambie bado sijaolewa, aendelee kuomba. Katekista wetu naye, anisamehe kwa kutoandika.

Sifa pia nampa salamu, lakini msizifikishe leo. Leo mwacheni acheze.

Mtoto wenu,
Zawadi