Makofi Yanayomuumiza Chebet

Jumanne, baridi tupu. Nimefundisha na sweta mbili na bado chaki ilikuwa inaniponyoka. Nimekasirika pia, na wa kukasirikiwa ni mimi.

Kuna msichana darasani kwangu, gredi ya pili. Nitamwita Chebet, ingawa si jina lake. Anasukuma wenzake, anawachapa na rula, na ukimkemea anaingia chini ya dawati na hatoki. Mama yake anapika hotelini Salgaa na huja nyumbani wikendi tu, kwa hivyo mtoto anakaa na nyanya yake hapa Bondeni. Wiki jana Deputy, naibu wa mwalimu mkuu, alisema wazi kwamba akiumiza mtoto mwingine, mama ataitwa aambiwe atafute shule nyingine.

Ana miaka saba, jamani.

Deputy anapenda kuniambia samaki mkunje angali mbichi. Sawa, lakini ni nani alisema kumkunja ni kumtupa nje?

Basi nikaamua kumvizia akifanya mazuri. Kila akitulia kidogo, nasimamisha darasa: "Chebet amekaa vizuri, mpigieni makofi ya kilo!" Darasa zima linapiga, pa-pa-pa, halafu wote wanamnyooshea vidole kwa pamoja, "Chebet, wewe!" Hivyo ndivyo tunavyosifu watoto huku kwetu. Hata mimi nilipigiwa hivyo na nikavimba kichwa wiki nzima.

Ila kila baada ya makofi alikuwa anaharibu zaidi. Mimi nikaongeza makofi.

Leo amemaliza hesabu zake zote. Nikaitisha makofi, vidole vikamwelekea, na akamrushia Brayo, jirani yake wa dawati, rula ikampata shavuni. Halafu huyo, chini ya dawati.

Sikumkemea. Nimeketi sakafuni na sketi yangu nzuri, nikangoja. Baadaye akasema polepole, "Ticha, wakipiga wote wananiangalia."

Nimeona aibu, siwezi kuficha. Nilikuwa nampa zawadi inayomtisha, halafu nashangaa anapigana nayo.

Mchana nimejaribu kingine. Alipokuwa anaandika nikapita kando yake, nikagusa daftari kwa kidole na kumnong'oneza, "Nimeona unavyojikaza." Basi. Sikusimamisha mtu. Hakuniangalia, lakini aliendelea kuandika mpaka kengele. Brayo alipokosa kifutio, akamsukumia chake bila kuambiwa na mtu. Nikapita tena: "Hiyo pia nimeona."

Najua mchana mmoja si ushindi. Kesho anaweza kuamka vibaya na kunirudisha nyuma, na nitaanza tena.

Shida ni kwamba Deputy alishaliona shavu la Brayo na kupiga simu Salgaa. Mama anakuja Ijumaa. Nimemweleza Deputy kwamba kosa la leo ni langu, si la mtoto, na akanijibu, "Mwalimu, una huruma ya bure." Iwe ya bure. Nimemwambia nitakuwa ndani ya hicho kikao hata kama sijaalikwa, na sitoki mpaka Chebet abaki darasani kwangu.

Nimewaza huyo mama akiacha jiko lake na kupanda gari akijua anaenda kusomewa makosa tu, kama kila mara anapoitwa.

Safari hii nitamngoja getini. Neno la kwanza atakalosikia kuhusu binti yake litatoka kwangu, na litakuwa zuri.