Shavu la Baba na Bunduki ya Babu

Eveline na Dastan,

Nimempeleka baba yenu zahanati. Dastan, chinja jogoo. Wageni wa posa wakifika kutoka Mbeya wapeni chai. Pombe ya ulanzi msitoe mpaka nirudi.

Juzi kapaka gobore la babu yenu mafuta ya maganda ya korosho, eti hayatoki hata kwa mvua, na wakwe walione linang'aa ukutani. Nikamwambia yanababua. Akavaa mifuko ya nailoni mikononi, akajiona mjanja. Kweli, mikono haina kitu. Ila alipomaliza akakaa sebuleni kulenga kalenda, shavu kalilaza kwenye kitako cha mti, hata chakula hataki. Leo kaamka jicho limefumba, shavu limeumuka kama andazi.

Wageni waambieni ~~jino linamuuma~~ ukweli tu, shavu wataliona wenyewe.

Kitako nimekisugua kwa sabuni na majivu. Mafuta hayatoki! Hapo hakudanganya. Gobore nimelifunga kwenye gunia, liko uvunguni. Msiliguse.

Mchumba wako Malimi akiomba kulishika, mkatalie. Aking'ang'ania, Eveline mwanangu, hiyo posa tuifikirie upya. Mbishi mmoja ananitosha.

Mama yenu